Tasnifu ya kiambishi yambwa: Programu Finyizi, Sarufi Leksia-Kazi au uamilifu?

mofimu_huru

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naandika pendekezo la utafiti wa shahada ya umahiri katika isimu. Mada ni kiambishi yambwa (kipande cha kitenzi kinachorejelea yambwa, yaani kitendwa, kama *-m-* katika *nimemwona*) katika Kiswahili cha Dar es Salaam, pamoja na vitenzi vya kauli ya kutendea (kama *pikia* kutoka *pika*) vyenye yambwa mbili. Kinachonikwamisha ni kiunzi cha nadharia. Mezani nina mikabala mitatu: Programu Finyizi ya Chomsky (inayoeleza sentensi kwa muundo wake), Sarufi Leksia-Kazi ya Bresnan na Kaplan (inayoweka taarifa nyingi kwenye leksia, yaani kamusi ya kichwani), na uamilifu wa akina Givón na Halliday (unaoeleza umbo kwa kazi yake katika mazungumzo). Kila mmoja una wafuasi wake, na wote wanadai kueleza jambo hilohilo.

Sentensi za kuanzia ni hizi (nyota ni alama ya sentensi isiyokubalika):

Nimemwona Juma. / *Nimeona Juma.
Nimesoma kitabu. / Nimekisoma kitabu.
Mama amempikia mtoto ugali. / *Mama ameupikia mtoto ugali.

Je, mikabala hii inatofautiana kwa jambo linalopimika, au tofauti ni ya istilahi na michoro tu? Na kama inapimika, ni sentensi zipi zinazoitenganisha? Sitaki sura ya pili ijae historia tangu de Saussure mwaka 1916, halafu sura ya nne isiihitaji nadharia hata moja.

kirai_kitenzi

Mkuu, inapimika, na sentensi zipo. Ila tuanze na hiyo jozi ya Juma, maana wengi huigeuza kanuni: yambwa hai lazima iwe na kiambishi. Haiko hivyo. Pita Kariakoo usikilize:

Natafuta fundi.
Natafuta dalali.
Natafuta mchumba.
Amezaa mtoto wa kike.

Zote zina yambwa hai, hakuna kiambishi, na hakuna anayeshtuka. Ukisema *namtafuta fundi*, msikilizaji anajua yuko fundi fulani, pengine aliyekimbia na hela ya watu. Kwa hiyo uhai peke yake hauamui. Unaamua ukikutana na umahususi. Jina la mtu kama Juma ni mahususi kwa asili yake, ndiyo maana linabana kuliko *fundi*. Ukikusanya data kwa kutumia majina ya watu tu, utaipata "lazima" uliyoitafuta na hutajua kwamba umeitengeneza mwenyewe.

Sasa sentensi za kutenganisha. Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo walichapisha makala kuhusu Kichewa (lugha ya Kibantu ya Malawi) yenye swali moja: kiambishi ni upatanisho au ni kiwakilishi? Kama ni upatanisho, kirai nomino kilichopo ndicho yambwa yenyewe, na kiambishi kinakiitikia tu. Kama ni kiwakilishi, basi chenyewe ndicho yambwa, na kirai nomino kimesukumwa nje ya kirai kitenzi kikawa mada. Jibu lao kwa Kichewa lilikuwa kiwakilishi. Kwa Kiswahili jaribu hivi:

Umemwona nani?
Umeona nini?
*Umekiona nini?

Kiulizi hakiwezi kuwa mada, kwa sababu mada ni kitu ambacho wazungumzaji wote wawili wanakijua, na *nani* kinauliza kisichojulikana. Kama *-m-* ingekuwa kiwakilishi kama ilivyo kwa Kichewa, *Umemwona nani?* isingewezekana. Inawezekana, tena ndiyo namna ya kawaida ya kuuliza. Kwa hiyo *-m-* ya watu inafanya kazi ya upatanisho. Lakini *-ki-* inakataa *nini*, kwa hiyo bado ni kiwakilishi. Jozi nyingine ya aina hiyo ni *Sikumwona mtu yeyote*, inayopita, na *Sikukiona kitu chochote*, inayosuasua. Lugha moja, nafasi moja ndani ya kitenzi, kazi mbili.

Sarufi Leksia-Kazi inaandika hili kwa mstari mmoja tu wa leksia. Kila kiambishi kina sifa za ngeli na idadi. Tofauti ni kwamba *-ki-* daima inabeba thamani ya KIARIFU (yaani maana yake) inayosomeka "kiwakilishi", na *-m-* inaibeba kwa hiari. Sharti la upekee linasema kazi moja ya kisarufi haiwezi kuwa na thamani mbili za KIARIFU. Kwa hiyo katika *Nimekisoma kitabu*, *kitabu* hakiwezi kuwa YAMBWA, maana nafasi imeshajazwa na *-ki-*. Kinapewa kazi ya MADA.

Hapo ndipo nadharia inapojiweka hatarini, na ndipo tasnifu yako inapopata kazi. Kama *kitabu* kiko nje ya kirai kitenzi, kielezi kinapaswa kuweza kuingia katikati:

Nimekisoma jana kitabu hicho.
?Nimesoma jana kitabu.

Na mtu akiulizwa *Umesoma nini?*, jibu *Nimekisoma kitabu* linapaswa kusikika vibaya, kwa sababu jibu la swali haliwezi kuwa mada. Ukikuta wasemaji wa Dar, hasa vijana, wanalipokea jibu hilo bila shida, basi *-ki-* nayo imeanza kuhama kuelekea upatanisho, na maelezo niliyotoa hapo juu yamekufa kwa kundi hilo.

kongoo_tupu

Naongezea kwa upande wa uamilifu, maana hapo juu umeguswa pembeni tu.

Kwanza, mdau, usiwaweke Givón na Halliday kapu moja. Halliday anauliza msemaji anachagua nini kati ya vilivyopo na uchaguzi huo unafanya kazi gani katika matini. Sarufi yake ilianzia kwenye Kichina na Kiingereza, na toleo la kwanza la kitabu chake kikuu cha sarufi amilifu ni la 1985. Givón anauliza kitu kingine: umbo hili limetoka wapi? Makala yake ya 1976 inadai kwamba upatanisho huzaliwa kutokana na viwakilishi vya mada. Watu husema "yule mtoto, nimemwona" mara nyingi mpaka mpumuo wa katikati unapotea, na kiwakilishi kinabaki kama kiambishi cha lazima. Ukichukua hoja hiyo, mgawanyiko wa *-m-* na *-ki-* uliooneshwa hapo juu unaacha kuwa ajali ya leksia. Watu ndio tunaowazungumzia zaidi, ndio wanaokuwa mada zaidi, kwa hiyo upande wao umetangulia kukomaa. Sarufi Leksia-Kazi inaandika hali ilivyo leo; kwa nini imegawanyika kwenye uhai na si kwenye rangi au ukubwa, haikuambii.

Pili, kusema kwamba kiambishi cha vitu visivyo hai ni cha hiari kunaficha mengi. *Nimesoma kitabu* na *Nimekisoma kitabu* zote ni sahihi. Ipi inatumika lini, na kwa kiasi gani? Hilo halijibiwi kwa kukaa chini na kujiuliza unasikiaje. Linahitaji kongoo (mkusanyo mkubwa wa matini kwenye kompyuta). Lipo la Helsinki, toleo la pili lina maneno kama milioni 25, limechanganuliwa kimofolojia. Ni maandishi, mengi ya magazeti na vitabu, kwa hiyo halikupi Kiswahili cha daladala. Rekodi zako za mazungumzo utalazimika kuzitafuta mwenyewe.

Ukitafuta kiambishi kwa kulinganisha herufi tu, utazoa takataka, nazo ni za aina hizi:

*-ki-* ya masharti (*akisoma*) siyo *-ki-* ya yambwa (*amekisoma*). Hilo rahisi, moja iko kwenye nafasi ya njeo (wakati). Gumu ni mizizi inayoanza na *ki*: *amekimbia*, *alikiri*, *anakisia*, *imekidhi*. Ukitafuta "njeo + ki" zote zinaingia. Tengeneza orodha ya mizizi hiyo na uitoe kabla ya kuhesabu chochote.

*-li-* ya ngeli ya tano inagongana na *-li-* ya wakati uliopita. *Alilisoma* ina zote mbili, *alisoma* ina njeo tu.

*-ku-* ndiyo mbaya kuliko zote. Katika *amekuona* ni yambwa ya nafsi ya pili. Katika *amekula* ni ile *ku* inayobaki kwenye vitenzi vya silabi moja. Katika *hakuona* ni ukanushi wa wakati uliopita. Soma kwa macho, usiamini programu.

Ukishasafisha, chukua sentensi 500 kwa bahati nasibu, zenye kitenzi elekezi (kinachochukua yambwa) na yambwa isiyo hai iliyotajwa. Ziwekee alama: kiambishi kipo au hakipo, yambwa iko kabla au baada ya kitenzi, imetajwa ndani ya sentensi tano zilizotangulia au haikutajwa, ina kionyeshi (*hiki, hicho, kile*) au haina, kishazi ni rejeshi au si rejeshi. Mtu wa pili aweke alama sentensi 100 kati ya hizo bila kuona zako, kisha mkokotoe kapa ya Cohen (kipimo cha kukubaliana kati ya waweka alama wawili). Ikiwa chini ya 0.6, tatizo liko kwenye mwongozo wenu, na karibu daima litakuwa kwenye "umahususi". Kiswahili hakina kibainishi cha umahususi kama vilivyo Kifaransa au Kiarabu, kwa hiyo kila mtu anakisia kichwani mwake. Ndiyo sababu nimependekeza "imetajwa kabla" badala ya "ni mahususi": hilo linahesabika.

Mzee wa Vitenzi

Wanangu, hoja ni nzuri, lakini naona Programu Finyizi imeachwa mlangoni. Niiingize.

Katika mkabala huu kitenzi kidogo (andika *v* kwa herufi ndogo) kina sifa za ngeli na idadi zisizo na thamani. Kinatafuta chini yake kirai nomino cha kwanza kinachokutana nacho na kuchukua sifa zake. Sauti tunayoisikia kama *-m-* au *-i-* ni matokeo ya utafutaji huo. Neno la msingi hapo ni *cha kwanza*. Katika kauli ya kutendea, kiambishi *-i-/-e-* ni kichwa cha kirai chake, na mtendewa (anayefanyiwa jambo) anakaa juu ya mtendwa (kinachotendwa). Kwa hiyo utafutaji unamkuta *mtoto* kabla ya *ugali*, na kwa hiyo *ameupikia mtoto ugali* haiwezekani. Utaratibu huohuo unaeleza kauli ya kutendwa: *Mtoto amepikiwa ugali* inapita, *Ugali umepikiwa mtoto* haipiti. Mambo mawili, sababu moja.

Mwamilifu atasema: hapana, *mtoto* anashinda kwa sababu ni mtu na *ugali* ni kitu. Karibu mifano yote ya vitabuni ina mtendewa ambaye ni mtu na mtendwa ambaye ni kitu, kwa hiyo haiwezi kuamua kati yetu. Unahitaji sentensi iliyogeuzwa, na magazeti ya michezo yanazo kila wiki:

Uongozi umeipatia timu kocha mpya.
*Uongozi umempatia timu kocha mpya.

Hapa mpewa ni *timu*, si mtu. Kinachotolewa ni *kocha*, naye ni mtu mzima mwenye akili zake. Kama uhai ndio unaoamua, *-m-* ya kocha ingeshinda. Haishindi. Sentensi ya pili ikieleweka kabisa, inaeleweka kinyume: kwamba kocha ndiye aliyepewa timu. Nafasi ya kimuundo imeshinda uhai. Hii ndiyo sentensi ningeiweka katikati ya sura ya nne na kuizungushia kila kitu. Itafutie ndugu zake: *wamekipa chama mwenyekiti mpya*, *wameipatia kampuni wateja*, *ameiletea familia mgeni*.

Mwamilifu ana jibu, na ni haki nilitaje: anaweza kusema ngazi inayotawala ni ya wahusika (mtendewa juu ya mtendwa), na ngazi ya uhai inakuja baadaye. Sawa, lakini basi amekubali kwamba ngazi moja inaizidi nyingine, na lazima aeleze kwa nini kwa yambwa moja uhai unafanya kazi kubwa na kwa yambwa mbili haufanyi.

Jihadhari na mambo mawili ambayo wasahihishaji huyaona mapema. La kwanza ni kuchanganya matoleo. Mtu anaandika "natumia Programu Finyizi", halafu anachora muundo wa ndani na muundo wa nje. Viwango hivyo ni vya Utawala na Ufungami wa 1981, na vilifutwa. Kitabu cha 1995 kimebakiza sehemu mbili tu za kukutana, ya sauti na ya maana. Ukichora muundo wa ndani umetumia nadharia nyingine, hata kama jalada linasema vingine. La pili ni kuorodhesha mihimili mitano ya nadharia kwenye sura ya pili kisha uchambuzi ukatumia mmoja. Mhimili usioutumia kwenye sentensi hata moja, uondoe.

mofimu_huru

Shikamoo Mzee wangu, na asanteni nyote. Mfano wa timu na kocha umenifungua macho.

Mnyumbuliko wenyewe je? Nilitaka kugusa mpangilio wa viambishi tamati, kwa sababu kutendea hukaa pamoja na kutendesha, kutendana na kutendwa. Nadharia hizi zinatofautiana hapo pia?

Mzee wa Vitenzi

Marahaba, mwanangu.

Zinatofautiana sana. Mark Baker mwaka 1985 alitoa Kanuni ya Kioo: mpangilio wa viambishi unaakisi mpangilio wa shughuli za kisintaksia. Kilicho karibu na mzizi kimefanyika mwanzo. Kiswahili kinampa mifano mizuri:

pat-an-ish-a: mtu anasababisha wengine wapatane. Kutendana kwanza, kutendesha baadaye.
l-ish-an-a: kila mmoja anasababisha mwenzake ale. Kutendesha kwanza, kutendana baadaye.

Maana imegeuka, mpangilio umegeuka. *Gombanisha* iko upande wa *patanisha*. *Kumbushana* na *fundishana* ziko upande wa *lishana*.

Dhidi yake yuko Larry Hyman, makala ya 2003. Anasema lugha za Kibantu zina kiolezo cha kimofolojia kilichorithiwa: kutendesha, kisha kutendea, kisha kutendana, kisha kutendwa. Maana inaweza kukivunja mahali fulani, lakini pasipo msukumo huo kiolezo ndicho kinachotawala. Ushahidi wake mzito uko kwenye kutendesha na kutendea, ambapo Kichewa hushika mpangilio mmoja hata maana inapodai kinyume. Kwa Kiswahili utaona *pik-ish-i-a* ikisimama, na *pik-i-sh-a* ikikosa wasemaji.

Halafu mtu atakuletea *sikiliza* na *endeleza* akisema: tazama, kutendea kumetangulia kutendesha! Usikubali. Maumbo hayo yameganda. *Endelea* haina tena maana ya "enda kwa ajili ya", na *sikiliza* ni kitenzi cha leksia chenye maana yake. Kipimo ni rahisi: jaribu kuweka yambwa ya mtendewa inayodaiwa na *-i-*. Isipoingia, kiambishi kimekufa na hakifai kuwa ushahidi wa mpangilio hai.

konstraksheni

Samahani kuingilia kati. Kuna data ambayo mikabala mitatu iliyotajwa inaitazama kwa shida, na iko kwenye kila tangazo la chumba cha kupanga:

Chumba hiki kinalala watu watatu.

Chumba hakilali. Wanaolala ni watu, lakini kiima ni *chumba*, na kitenzi kinapatana nacho. Je, *watu watatu* ni yambwa? Kipime kirai hicho kwa vipimo vyenu wenyewe:

*Chumba hiki kinawalala watu watatu.
*Watu watatu wanalalwa na chumba hiki.

Hakikubali kiambishi yambwa, hakikubali kutendwa. Kwa hiyo kirai nomino kinachofuata kitenzi si lazima kiwe yambwa, na ukihesabu kwenye kongoo "nomino baada ya kitenzi" kama yambwa isiyo na kiambishi, sentensi hizi zinaingia kimakosa kwenye hesabu yako, pamoja na *mtungi umejaa maji*. Zitoe.

Wenye isimu tambuzi na Sarufi Konstraksheni (kitabu cha Goldberg cha 1995 ndicho kilichoisimamisha) wanasema maana ya "mahali panatosha kiasi fulani" haiko kwenye *lala*. Iko kwenye umbo zima: mahali, kitenzi cha kukaa, kisha idadi. Ondoa idadi uone: *chumba hiki kinalala watu* inadhoofika papo hapo. Leksia ya *lala* haina pa kuandikia sharti la idadi; umbo zima linapo. Sisemi uhamie huku. Mada yako ni yambwa, na kwa yambwa mkabala huu hauna utabiri mkali kama ule wa timu na kocha. Tumia tu kipimo chake kusafisha data.

sauti_na_silabi

Fupi, kwa upande wa fonolojia. Kiambishi yambwa kinabadilisha umbo la vitenzi vya silabi moja, na hilo litagusa orodha yenu ya *-ku-*:

Amekula chakula. / Amekila chakula hicho.

*Ku* inaondoka kiambishi kikija. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na njeo kama *-na-, -me-, -li-, -ta-* hazikubali kuubeba. Bila kiambishi yambwa, *ku* inabaki ili kuubeba. Kikiwepo *-ki-*, kinaubeba chenyewe. *-ki-* ya masharti na *-ka-* zinaubeba bila tabu, ndiyo maana tuna *akila* na *akala*.

Mtu wa kanuni ataandika "chopeka (ingiza) ku mbele ya mzizi wa silabi moja", kisha ataandika orodha ya mazingira ambamo isichopekwe. Mtu wa Nadharia ya Umbo Upeo ya Prince na Smolensky ya 1993 ataweka mashartizuizi mawili: njeo hizi zisibebe mkazo, na usiongeze kisichohitajika, la kwanza juu ya la pili. Orodha ya mazingira inatoka yenyewe. Ila bado anapaswa kueleza kwa nini *-ka-* imesamehewa na *-na-* haikusamehewa, na hilo linarudi kwenye mofolojia. Kwa utafiti wako: usiweke *la, nywa, fa, ja* kwenye dodoso. Sentensi isiyo na kiambishi itakuwa na *ku*, yenye kiambishi haitakuwa nayo, na hutajua msemaji anaitikia kipi.

mofimu_huru

Wakuu, nimeelewa. Nitaweka swali la upatanisho dhidi ya kiwakilishi katikati, Sarufi Leksia-Kazi iwe kiunzi kwa sababu imeandika tofauti hiyo waziwazi, na utabiri wa Programu Finyizi kuhusu timu na kocha niupime kama hoja pinzani. Dodoso la kupima ukubalifu nilipange vipi? Nilifikiria sentensi 20 na jibu la ndiyo au hapana.

kirai_kitenzi

Ndiyo na hapana inakula taarifa. Tumia mizani ya 1 hadi 7, maana tofauti unazozitafuta kwa vitu visivyo hai ni za "sawa" na "sawa zaidi".

Vigezo vyako ni vitatu, kila kimoja na hali mbili: hai/si hai, imetajwa/haijatajwa, kiambishi kipo/hakipo. Hizo ni hali 8. Andika seti 24, kila seti ikiwa sentensi moja kwa matoleo yote 8. Gawa kwenye orodha 8 ili kila msailiwa aone kila seti mara moja tu, na kila hali mara tatu. Ongeza sentensi 24 za kuchanganya zisizohusu yambwa. Nusu ziwe mbovu dhahiri, ili mtu asiyesoma umgundue kwa kuzipa 7. Wasailiwa 40 wanatosha kuanzia, watano kwa kila orodha. Utapata tathmini 120 kwa kila hali. Kwenye R (programu ya takwimu) tumia modeli mseto, msailiwa na seti vyote viingie kama athari za nasibu.

Kila sentensi itanguliwe na muktadha wa mstari mmoja. *Nimekisoma kitabu* bila muktadha inamlazimu msailiwa abuni wake, na kila mtu atabuni tofauti. Usiulize "Je, sentensi hii ni sahihi?", kwa sababu neno *sahihi* linamrudisha mtu kwa mwalimu wake wa Kiswahili wa darasa la sita. Uliza: "Mtu wa mtaani kwenu angeweza kuongea hivi?"

Timu na kocha usiichanganye humo. Ifanyie dodoso la pili, dogo: mpewa hai/si hai, kitolewacho hai/si hai, kiambishi cha nani. Na kauli ya kutendwa ipime kando. Usichukulie kwamba yambwa inayokubali kiambishi ndiyo itakayokubali kuwa kiima.

kongoo_tupu

Na uulize lugha ya kwanza ya kila mtu, pamoja na lugha ya nyumbani utotoni, maswali mawili tofauti. Dar ina waliokulia kwenye Kiswahili kitupu na waliokuja ukubwani. Bresnan na Lioba Moshi walionesha mwaka 1990 kwamba katika Kichaga cha Kivunjo yambwa zote mbili za kutendea huchukua kiambishi, hata kwa pamoja ndani ya kitenzi kimoja, na yoyote kati yake huweza kuwa kiima cha kutendwa. Kihaya nacho huruhusu zaidi ya kiambishi kimoja. Msailiwa wa lugha hizo akikupa 5 kwa *ugali umepikiwa mtoto*, huwezi kujua kama ni Kiswahili cha Dar kinachobadilika au ni lugha ya kwao inayoongea. Ukiwa na watu 40, hakikisha angalau 24 lugha yao ya kwanza ni Kiswahili, wagawe sawasawa kwenye orodha 8, watatu kila moja, na uchambue kundi hilo peke yake kabla ya kuwaunganisha na wengine.